Nilifeli kwa Makusudi, Sasa Wanasema Niko Mzima

Mpendwa mshauri,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama, na naliandika upesi kabla sijabadili nia: mwezi wa Agosti nilifeli mtihani kwa makusudi, na kwa sababu hiyo Jumamosi hii nitaingizwa uwanjani nikiwa na kichwa kibovu na hakuna atakayejua.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza sekondari Juni, na sasa niko mwaka wa kwanza katika chuo kidogo huku Ohio, beki wa kati wa timu ya wanawake. Mimi si msemaji, darasani nakaa nyuma, na hapa chuoni nafasi nimeipata kwa mpira. Kabla msimu haujaanza kila mchezaji hukalishwa mbele ya kompyuta, unaonyeshwa maneno uyakumbuke, maumbo, rangi, unabonyeza haraka uwezavyo, na majibu yanahifadhiwa ili siku ukigongwa kichwa upimwe tena na walinganishe. Asubuhi ile tulikuwa kwenye bwalo tunakula, nahodha wetu Shelby akaniegemea begani.

"Mdogo wangu, leo usijitie una akili nyingi."

"Kwa nini?"

"Ukiwa bwege Agosti, ukigongwa Oktoba utaonekana bwege yule yule. Kesho yake unacheza. Ila usizidishe, mashine itashtuka."

Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu wa timu kuniita mdogo wangu. Kocha Garrity alikuwa meza ya jirani, alisikia, akatabasamu na kuendelea kupaka siagi mkate wake. Basi nilipokaa kwenye ile kompyuta nikayasahau maneno niliyoyakumbuka vizuri.

Jumapili iliyopita ilipigwa kona, nikaruka, nikagongana kichwa na mshambuliaji wao, nikaanguka, na nilipofumbua macho nyasi zilikuwa zinazunguka. Bi. Renner, mtabibu wa timu, alikuwa ameshaanza kukimbilia uwanjani, lakini huku kwetu mtabibu akikugusa ni lazima utoke, kwa hiyo Kocha akamzuia kwa mkono na kunipigia kelele, "Inuka, wewe! Umelala kwenu hapo?" Nikainuka. Tulishinda moja bila. Nilitapika kwenye choo cha basi huku wenzangu wakiimba. Jumatatu Bi. Renner alinipima, akalinganisha na Agosti, akasema, "Hakuna tofauti, ajabu kweli," akaniangalia muda mrefu kidogo, nami nikatazama viatu vyangu. Tangu hapo nikisoma kurasa mbili maneno yanaogelea, taa za maktaba zinanichoma, na kwenye daftari la baiolojia nimekuta sentensi moja nimeiandika mara tatu.

Jumamosi ni fainali ya kanda. Kocha ana msimu wake wa pili hapa na ametuambia wazi kwamba tusipochukua kombe yeye anafungasha, na ubaoni ameandika kwa wino mwekundu siku zilizobaki. Mshauri, ngoja niseme jambo ambalo sijawahi kuthubutu kulisema kwa sauti: huyu mtu hajui kufundisha. Tangu Agosti ameniambia "ruka!" labda mara elfu, na hata mara moja hajaniambia niruke vipi. Kule sekondari tulifundishwa na Bi. Dombrowski, mwalimu wa hesabu ambaye hajawahi kushinda kombe lolote, lakini alitusimamisha wawili wawili jioni nzima akituonyesha mikono iwe wapi, macho yawe wapi, lini mpira uuache upite. Huyu wa sasa anatukimbiza mpaka tunatapika kisha anaita hayo mazoezi.

Sitaki kuacha mpira, wala kuhama chuo. Nataka kumwambia sichezi Jumamosi na bado niendelee kuwa mchezaji wake, lakini nikisema kichwa kinauma wataniuliza mbona mtihani unasema niko mzima, na nikisema ukweli wa mtihani nitakuwa nimemchoma Shelby na timu nzima. Nifanye nini? Na nakuomba, jina langu, la chuo, na hili la mtihani, vibaki kati yangu na wewe.

Beki wa Kati

*

Mwanangu Beki,

Nilikujibu kwa barua pepe saa ile ile niliyoipata barua yako. Hapa narudia kwa ajili ya wasomaji wengine, maana wewe si bwege pekee wa Agosti katika jimbo hili.

Jina lako nimelifuta, na la chuo nimelitia kapuni. Majina uliyoyataja nimeyabadilisha yote. Lakini hili la mtihani sitalificha, kwa sababu siri hiyo ndiyo inayokupeleka uwanjani Jumamosi. Nimekuwa muuguzi wa shule miaka ishirini na sita. Ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujapona, wengine hawaamki. Sikutishi. Nimewahi kukaa na mama mmoja kwenye kiti cha hospitali, na yeye pia alikuwa ameambiwa mtoto yuko mzima.

Ulifanya upumbavu. Umeshaambiwa, yameisha. Ulitaka kupendwa mezani, na hakuna msichana wa mwaka wa kwanza asiyetaka hivyo. Lakini unaniambia unaogopa kumchoma Shelby! Shelby ni mtoto kama wewe, naye alifundishwa na aliyemtangulia. Mtu mzima bwaloni alikuwa mmoja tu, naye alikuwa anapaka siagi.

Kuhusu huyo kocha, umesema kweli, na usiifute. Kushinda moja bila hakumfanyi mtu mwalimu. Anayejua kazi yake, beki wake akiumia ana mwingine aliyemwandaa. Asiyejua hana ila kelele na vichwa vya watoto wa watu. Akifungasha, afungashe. Sanduku lake si mzigo wako.

Unauliza utasemaje. Hutaanza na kocha. Utaanza na Bi. Renner, ambaye nadhani ameshakisia na anangoja umfungulie mlango. Mwambie hivi, na kama sauti itakupotea mpe karatasi: "Mtihani wa Agosti niliuharibu kwa makusudi. Nilitapika Jumapili. Siwezi kusoma. Naomba daktari, na naomba uandike kwamba sichezi." Usimtaje nahodha. Akiuliza nani alikufundisha, sema utajibu swali hilo kila mchezaji akishapimwa upya, timu nzima, bila kocha kuwa chumbani. Daktari akishaandika, kocha hana ruhusa ya kukuchezesha, na akijaribu, ofisi ya michezo ya chuo ipelekewe barua yenye sahihi yako na ya mzazi wako.

Mzazi, naam. Mpigie mama leo. Usianze na "usijali," maana wazazi wakisikia hivyo ndipo hukosa usingizi.

Kocha akikuita ofisini, nenda na Bi. Renner. Atasema umewaangusha wenzako. Wewe hutabishana naye, kubishana ni kazi yake na anaifanya kutwa. Sema, "Nitarudi daktari akiniruhusu, na nikirudi nataka nifundishwe kuruka." Kisha nyamaza. Wewe ni hodari wa kunyamaza, safari hii nyamaza huku unamtazama usoni.

Huenda wakashindwa Jumamosi. Huenda bwaloni wasikupe nafasi mezani kwa wiki kadhaa. Itauma, nawe utakula peke yako na utapona, na mwakani Agosti utakaa na wale wapya wakati wa kifungua kinywa na kuwaambia wajibu kila swali kadiri ya akili zao zote.

Sasa acha kusoma, macho yako yamechoka. Chukua karatasi, andika zile sentensi nne, nenda ukagonge mlango wa Bi. Renner. Akiwa hayupo, kaa chini hapo hapo mlangoni mpaka aje.