Lango Nililolifunga Mimi

Mama,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata padre kwenye kitubio. Ule mwisho wa kitabu niliokusomea haukuwa wa kitabu. Niliutunga mimi.

Unakikumbuka, kile kisicho na jalada alichonipa sista wa shule, hadithi za zamani za Wafaransa zilizoandikwa kwa Kiingereza. Betri za redio zilikuwa hazipatikani, nawe kwa ugonjwa ulishachoka kutazama dari. Kila nikitoka shule nakaa kwenye kigoda karibu na kitanda chako, nasoma sentensi kimoyomoyo, naitoa kwa Kiswahili. Penye kubusiana nasema "wakasalimiana." Ukacheka mpaka ukakohoa: "Hao watu wa mfalme wanasalimiana sana, Marselina."

Tulipofika kwa yule bwana wa jumba la mfalme aliyemwacha mkewe akaenda kwa mwanamke mwingine, uliacha kucheka. Ukasema, "Kumbe na huko wana Bonga yao." Baba alikuwa na mwezi wa nne anaishi kijiji cha Bonga kwa mwanamke mwingine. Sisi nyumbani hatukuwa tukimtaja.

Kwenye kitabu, bwana yule anarudi mvua inanyesha, anabisha langoni. Mkewe anashuka mwenyewe, anamfungulia. Hamwambii amemsamehe. Anamwambia tu viatu vimelowa, avivue. Uliponiuliza, "Akamfungulia?" nikageuza ukurasa, nikasema, "Hapana. Akaagiza lango lifungwe." Nilikuwa na hasira na Baba. Nilitaka na wewe uwe nayo.

Kisha ukasema, "Basi amefanya vizuri."

Jumapili iliyofuata Baba akaja na kilo ya sukari, sijui aliipata wapi na maduka yalivyokuwa matupu. Akapiga hodi mara tatu. Ukaniambia, "Mwambie nimelala." Macho yako yalikuwa wazi. Nikaenda, nikamwambia. Alhamisi ukafariki.

Sukari ile ilitumika msibani. Mimi sikunywa chai.

Baba amerudi nyumbani tangu matanga yaishe. Anapika makande mwenyewe, yanaungua chini, tunakula hivyo hivyo. Jana aliniuliza bila kunitazama, "Mama yako alikuwa amelala kweli siku ile?" Nikajibu, "Ndiyo, Baba." Huo uongo wa pili kwa Baba ndio ulionifanya niandike.

Sijui kama ungemfungulia. Labda hapana. Lakini ungeamua wewe, si mimi.

Karatasi hii nimekuwa nikiificha ndani ya atlasi kila nikisikia mtu mlangoni. Sasa nasikia hatua za Baba, halafu anapangusa tope la viatu hapo nje. Siifichi. Naiacha mezani, na kitabu kando yake kimefunguliwa ukurasa ule. Barua ataisoma mwenyewe. Kiingereza hajui, kwa hiyo kitabu nitamsomea mimi, neno kwa neno, hata penye kubusiana.

Nakuahidi hilo. Na wewe sasa lala kweli, Mama.

Mwanao,
Marselina