Sauti Yangu Mgombani

Kamachumu, Jumatano

Dada Georgina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Ijuganyondo, na shemeji Ishengoma bado anakuvumilia. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Huku hatujambo, ila mimi situlii. Tangu asubuhi nimekwenda kibanjani, kule migombani, mara nne bila kazi, hadi Mama akaniuliza kama nina minyoo.

Mguu wake unapona. Anafika jikoni kwa fimbo na kuwagombeza kuku kama kawaida. Nimemsomea ujumbe wako, kwamba Jumamosi unaleta gari akakae kwako moja kwa moja, maana kipofu si wa kuachwa azurure migombani. Alijibu kwamba hakatai. Lakini tangu hapo hamalizi chakula.

Unakumbuka vile vidude nilivyopewa kwenye semina ya walimu Bukoba? Vinatoa ishara bila waya. Mama akikaribia kimoja, kifaa alichovaa kiunoni kinataja mahali, na sauti inapanda kadiri anavyosogea. Majina niliyarekodi mimi. Alisema nataja choo kana kwamba nasoma matokeo ya mtihani. Lakini miezi mitatu alikwenda peke yake kila mahali, hata kwa jirani yake Alistidia.

Sasa nikwambie nililokuficha. Uliambiwa aliteleza kwa mvua. Hadithi hiyo aliitunga yeye. Kidude cha njia ya choo nilikifunga kwenye mgomba. Ijumaa ile nikakata mkungu, nikaangusha shina kama tufanyavyo siku zote, nikaliburuta, kidude kikiwa bado kimefungwa, hadi kando ya shimo la mbolea. Mhaya mzima, tena mwalimu, nikasahau kwamba mgomba ukishazaa haubaki umesimama. Mama akatoka, akaifuata sauti yangu. Ikamwambia amefika njia ya choo. Akapiga hatua moja, akatumbukia.

Nilipomtoa alinikataza kusema, eti utanichapa. Nichape, dada, ila usimwondoe nyumbani kwake kwa kosa langu. Vidude vyote nimevihamishia kwenye nguzo za mbao.

Jumamosi njoo, lakini gari lirudi bila mizigo yake. Ameomba jambo moja: majina yote yarekodiwe upya kwa sauti yako. Yangu, anasema, ataisikiliza nikiwa nimemshika mkono.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mdogo wako mwenye makosa,
Wilbert