Rama na Kibao cha Mwisho wa Jiji

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Natumai mgongo umetulia tangu mvua zikate, na ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori imekufikia chupa nzima, si nusu. Mimi mwili mzima. Kazi bado ni ile ya Kikuubo, kwenye ghala la sabuni na mafuta ya kupikia, na bosi bado ni yule yule asiyetaka kuona mtu amekaa. Roho ndiyo haiko sawa, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukupigia. Kwenye simu ungenikata katikati ukaanza kumtetea Rama.

Najua ameshakupigia. Dada Mwajuma kanieleza yote: eti mimi Yasini ndiye niliyewaponza watu wa mtaa, na eti yeye anakuja Ujiji kula Idi na wewe. Basi nisikilize na mimi, mwanao wa kumzaa.

Unaikumbuka ile ramani ya kwenye simu niliyokusimulia. Haina mwenyewe. Wanaichora watu wa kawaida, kila mmoja kwao, na yeyote anaweza kuongeza njia au kusahihisha ya mwenzake. Mimi na Rama tuliifanya kazi hiyo Jumapili zetu, tangu tulipotoka Kisugu tukahamia huku pembezoni, upande wa Port Bell, ambako jiji linaishia kwenye kijito cha bondeni. Sisi tulikaa ng'ambo ya kijito, nje ya jiji. Tulichora vichochoro, misikiti, mabomba ya maji, hata choo cha kulipia. Waendesha bodaboda wakaanza kutufikia bila kuuliza njia. Nilijiona mtu wa maana, Mama, usinicheke.

Chumba tulipanga uani kwa Hajati Safina. Ni mjane. Babu zake walikuja huku na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikikosea ananirudi mbele za watu. Jioni anasomesha watoto Kurani barazani. Nyumba ni yake, lakini ardhi ina mwenyewe, mzee mmoja anayekaa mbali. Mzee huyo hakuwahi kumsumbua, kwa sababu ardhi ya huku nani alikuwa anaitaka?

Sasa sikia. Sisi wachoraji tuna desturi: chora ulichokiona kwa macho, usichore ulichosikia. Kwa nyumba na njia ni desturi nzuri. Kwa mpaka ni mtego, maana mpaka wa jiji hauna ukuta wala kamba, uko kwenye sheria tu. Sheria inasema ni kijito, na mstari wetu kwenye ramani ulipita kwenye kijito.

Asubuhi moja Rama akaniamsha. "Yasini, wamesogeza mpaka. Kuna kibao kule juu."

Tukaenda. Kweli, kibao cha chuma, rangi mbichi, kimesimama kando ya barabara juu kabisa ya mtaa, kimeandikwa Mwisho wa Jiji. Nikakigusa. Nikamwambia, mbona hatukusikia tangazo? Akasema, "Tangazo la nini, na kibao unakiona? Si ndiyo kazi yetu, kuchora tunachokiona? Chora wewe, una mkono mzuri."

Nikachora. Nikautoa mstari kijitoni nikaupandisha hadi kwenye kibao, na mtaa wetu wote ukaingia jijini kwa kidole changu. Yule ni mtu niliyekula naye sinia moja nyumbani kwako kabla hatujang'oka meno ya utoto. Ningeanzaje kumdai ushahidi?

Haukupita muda, dalali mmoja wa viwanja akawa anapita na wageni wenye viatu vinavyong'aa. Anawanyooshea simu: "Hapa ni jijini, tazameni wenyewe, ramani hiyo." Mwenye ardhi naye akaonyeshwa. Kiwanja cha jijini kinagombaniwa, Mama. Mzee akauza, na Hajati akaambiwa ahame.

Nilikuja kuujua ukweli kwa Okello, fundi wa kuchomelea mageti. Ni mtoto wa askari, amekulia kambini, na Kiswahili chake ni cha huko huko. Nilikuwa namlalamikia serikali na kibao chake, akaniangalia kama mgonjwa.

"Serikari gani? Ile kibao mimi nirichomea hapa hapa, ssebo. Ndugu yako Rama arireta maneno ya kuandika. Arikuja na ule bwana wa viwanja. Mimi nirijua wewe unajua."

Niliondoka bila kumuaga.

Rama nilimkuta ananyoa ndevu. Wala hakukana, Mama. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alisema dalali amempa kazi ya kuwatembeza wanunuzi, na kwamba mji utafika huku tu, tuchore tusichore. Nikamuuliza kwa nini hakuchora mwenyewe. Akacheka kidogo. "Wewe watu wanakuamini. Na jina lililo kwenye ule mstari ni lako, kwa hiyo ningekuwa wewe ningenyamaza."

Nimesalitiwa, Mama. Sina neno jingine la kulipamba. Adui angenifanyia hivyo ningelala usingizi.

Sikunyamaza. Niliwaandikia wachoraji wenzetu nikawaeleza mambo yote, jina langu na la kwake. Walikwenda kuisoma sheria, wakaurudisha mstari kijitoni, pale pale ulipokuwa. Lakini ardhi ilikuwa imeshauzwa, na aliyenunua hakununua mstari. Watu wake walikuja na mashine asubuhi wakaibomoa nyumba, baraza na yote.

Hajati alikuwa amekaa juu ya sanduku lake akingoja gari. Mtaa ulishamwambia ni nani aliyechora. Aliniuliza bila ukali, "Mwanangu, ndiwe uliyetutia mjini?" Nikamwambia ndiyo, lakini nilidanganywa. Akasema, "Najua. Ungekuwa mwongo usingekuja kunibebea mizigo." Nikambebea hadi Kisugu, kwa mpwawe, na ndiko anakokaa. Watoto wake wa Kurani wametawanyika.

Jumapili iliyopita mchoraji mmoja aliniandikia kwamba nyumba yenye jina la Hajati Safina bado inaonekana kwenye ramani na chini hakuna kitu. Aliandika kwa adabu. Nikaifuta mwenyewe, maana tunachora tunachokiona. Jina lake nilichelewa kulifuta, nikakaa nalo hadi simu ikazima.

Sasa jambo langu. Rama atafika na kanga na sukari, atakuita mama kama alivyozoea. Mpe chakula, mgeni hafukuzwi, tena siku ya Idi. Usigombane naye kwa ajili yangu, presha itakupanda. Lakini kila akija huwa unamlaza kitandani kwangu. Safari hii nakuomba, Mama, mtandikie mkeka sebuleni. Akiuliza kwa nini, mwambie Yasini kasema kitanda kina mwenyewe.

Nisalimie Dada Mwajuma na wanawe, na Baba Mdogo, mwambie ile redio bado naitafutia betri. Mama yake Rama msalimie sana, yeye hajanikosea, wala usimwambie chochote. Hajati anakusalimu, anasema aliyenilea alinilea vizuri. Nilishindwa kumwambia kwamba na Rama ulimlea wewe.

Mwanao anayekuombea afya,
Yasini