Ruhusa Niliyoiomba kwa Ajili ya Susu

Baba yangu,

Kwanza goti lako. Mama ameniambia ulipanda kwenye paa mwenyewe kugongea bati wakati fundi yupo hapo hapo, na sasa unatembea ukishika ukuta. Pole, ingawa kwa hilo sikuonei huruma sana. Sisi huku Inver Grove Heights tu wazima. Mkweo Mutua bado anaendesha lori, mimi bado natunza wazee kule Saint Paul, na mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele. Nikimsemesha Kikamba ananijibu Kiingereza, nikihamia Kiswahili ananijibu Kiingereza. Theluji imeisha juzi, na huu ni mwezi wa nne.

Naandika kwa sababu kwenye simu tulikosana. Nilikuomba ruhusa baba yako, Umau, abatizwe hekaluni ili aunganishwe na mama yako, Susu, nawe ukaniuliza, "Mtu aliyekataa maji akiwa hai, mbona mnamvizia akiwa maiti?" Halafu ukakata. Nilikasirika, sikufichi. Baadaye nikaona swali lako ni la haki, tena mimi nilikuwa nimeomba kama mtu anayeagiza unga dukani.

Wewe uliwaacha Wamormoni ukiwa kijana ukamfuata Mama kanisani kwao, kwa hivyo huenda umesahau taratibu. Sisi tunaamini mume na mke wakiunganishwa hekaluni, kifo hakiwatenganishi. Susu alibatizwa, lakini hekalu wakati wake lilikuwa nchi nyingine na hakufika. Umau hakubatizwa kabisa. Aliye hai anaweza kusimama badala ya marehemu, na Mutua yuko tayari kuingia majini kwa jina la Umau. Ila ruhusa lazima itoke kwa mtoto wao, na mtoto aliyebaki ni wewe peke yako.

Acha nikuchekeshe kidogo. Nilipokwenda kanisani kuuliza, nilimkuta mama mmoja mzee anayejitolea pale kwenye kompyuta. Akataka kujua huyu marehemu ni nani wangu. Mimi bila kufikiri nikasema ni mume wangu! Nyumba yetu unaijua. Kwa kuwa mlinipa jina la Susu, Umau hakuniita vingine ila mke wangu, na wewe mwenyewe hadi leo unaniita mama. Yule mama akanipa pole ya ujane, akaandika, akaniambia mambo yamekwisha, ruhusa ya mke inatosha. Jina ni lile lile, Syokau na Syokau. Baba, kalamu ilikuwa mkononi. Ningetia sahihi wala usingejua. Lakini niliona nitakuwa nimemwibia Susu mume wake mbele ya Mungu. Nikamweleza ukweli, akaangalia mwaka aliozaliwa Umau, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akavua miwani.

Tangu siku hiyo namuwaza Susu kila mahali. Juzi nilikuwa mtaa wa Phillips kwa yule mama wa Lamu anayeniuzia viungo, akanikaribisha chai, nikakataa, akanuna kidogo. Nikakumbuka jinsi Susu alivyompikia Umau chai maisha yake yote bila kuionja, kwa sababu dini yake ilimkataza. Alikuwa anatuita sisi wajukuu tuonje kama sukari imekolea, na sisi tulikuwa tunasema bado, bado, mpaka kikombe kinafika nusu. Umau akikipokea analalamika kwamba mke wake anamnywesha mabaki ya watoto. Naye Umau Jumapili alikuwa anampigia Susu viatu rangi, anampangusia Biblia vumbi kwa shati lake, anamsindikiza hadi barabarani, kisha anarudi kwa mbuzi wake.

Na zile Jumatatu jioni za ibada ya nyumbani! Wewe mwenyewe ulinisimulia kwamba mkiwa wadogo kila mtoto alilazimika kumsifu mwenzake mmoja kabla ya kula, na sifa yako kwa marehemu kaka yako ilikuwa, "Leo hakuniuma." Kwetu sisi wajukuu Susu aliendelea hivyo hivyo. Jumapili ya kwanza ya mwezi alifunga, na chakula ambacho angekula kikapelekwa kwa jirani asiye nacho. Kwenye misiba alibeba daftari, akimshika mgeni hamwachi mpaka amtajie jina la nyanya yake na kijiji alikozaliwa. Watu walikuwa wanajifanya wanakwenda kuchota maji. Aliwaandika wote wale kwa ajili ya hekalu ili wasipotee, Baba, na mtu aliyemtaka kuliko wote hakuweza kumwandika.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia yeyote isipokuwa Mutua. Ile likizo nilipokuja Umau akiwa mgonjwa, mchana mmoja nilikuwa namkata kucha barazani. Nikamuuliza kwa utani kama hatimaye atakubali kubatizwa amfurahishe mwenzake. Akasema dini ile haitaki, asijidanganye mtu. Susu alikuwa jikoni, akamwita kwa jina aje ale. Umau akaitika, akaanza kutafuta fimbo yake, kisha akanigeukia.

"Huko mbele nako akiniita nitaitika," akasema. "Ni lini aliniita nikanyamaza?"

Nilicheka. Akanikanya nisimwambie Susu, atavimba kichwa. Nami kwa ujinga wangu nikatii, nikarudi zangu huku. Umau akafa, Susu akamfuata, na yule mama aliyelia miaka yote akidhani huko mbele atakaa peke yake hakuwahi kulisikia neno hilo. Linaniuma, Baba. Nilikuwa na faraja yake mdomoni nikaimeza.

Kwa hivyo simvizii Umau. Kwa mafundisho yetu, marehemu anabaki na hiari yake. Mutua akizama majini, Umau anaweza kukubali na anaweza kukataa, na hakuna wa kumlazimisha. Fomu iko ndani ya bahasha hii, mahali pa sahihi nimepawekea alama ya kalamu nyekundu. Ukisema hapana, sitarudia kuomba.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya mgongo niliyomtumia ni ya kupaka, asije akainywa. Msalimie mama mdogo wa Kibwezi, na yule jirani mwenye kinu cha kusagia aliyewapa Susu na wenzake chumba cha kusalia walipokuwa hawana kanisa. Mwambie bado nakumbuka unga ulivyokuwa unatuangukia vichwani tukifumba macho kuomba.

Susu anamwita mume wake, Baba. Ninachokuomba ni usimjibie mzee. Mwache ajibu mwenyewe.

Ni mimi binti yako, unayeniita mama,
Syokau