Biskuti za Mchuzi

Macon, Georgia

Dada Hilda,

Barua yako imefika. Huko Leeds mnalalamikia mvua, huku joto limemhamishia paka bafuni. Mimi mzima, na kula ninakula.

Sasa sikia kituko. Siku iliyofuata mazishi ya Wendell wangu, mama yake, Bi Lurleen, aliniambia, "Glenys, mwanangu, nyumba imejaa wageni. Wewe oka biskuti, mchuzi niachie mimi."

Biskuti kwa mchuzi? Nikadhani majonzi yamemvuruga. Nikaoka zetu zilezile za Kiingereza alizotufunza mama: ngumu, tamu, zenye tangawizi. Kumbe kwa Wamarekani hawa biskuti ni kimkate laini cha chumvi!

Wifi yangu akaigonga moja mezani. "Jamani! Msiba haujaisha, sasa tuvunjike na meno?"

"Funga bakuli lako," Bi Lurleen akamwambia. Akachukua biskuti mbili, akazimwagia mchuzi wa soseji, akazitafuna mpaka chembe ya mwisho. Kisha akavuta kiti cha Wendell, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, akanigeukia.

"Kaa hapa ule, mwanangu."

Nikakaa. Ndipo nikalia.

Kwa hiyo, dada, acha kunitandikia kitanda. Njoo wewe, nitakuokea biskuti za aina zote mbili. Ila usiniulize tena narudi lini nyumbani. “Nyumbani” nalo ni neno ambalo huku lina maana nyingine.

Mdogo wako asiyeng'oka,
Glenys