Miche Niliyompa Bi Kazija

Kidichi, Unguja

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu na huko Lushoto mvua haijawatesa. Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia, na huku sina wa kumwambia.

Bi Kazija, yule mama aliyeniazima kipande cha shamba nilipofika sina mbele wala nyuma, nilimzawadia miche ya nyanya. Mizuri, ya kupendeza! Kitalu nilikiweka pembeni mwa nyanya zangu za zamani, zilizojikunja majani. Kuzing'oa niliona tabu, bado zikinipa nyanya mbili tatu. Kumbe! Juzi bwana shamba kageuza jani la hizo nyanya zangu kuukuu, vijidudu vyeupe vikaruka. Akasema hao nzi weupe wanafyonza mmea mgonjwa, kisha wanahamia mzima na kuuachia ugonjwa. "Hii rasta, ugonjwa wa kujikunja majani. Dawa itaua mdudu, lakini mche ulioambukizwa hauponi. Ng'oa."

Shamba la Bi Kazija sasa limedumaa lote, maua yanapukutika. Na yeye, masikini, anasema ni kijicho cha wifi yake, Bi Mize, eti alipita akazisifu nyanya bila kusema mashaallah. Hawasalimiani. Siku ya tatu leo nayasikia hayo na nimenyamaza. Naogopa, Mama. Akinitoa shambani nitakwenda wapi?

Hapo niliiacha barua nikainuka, maana Bi Kazija aliniita. Nikaitika naam. Kaniletea sahani ya muhogo wa nazi, akasema kesho nifuatane naye kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, nikawe shahidi wa kijicho cha wifi yake. Niliiweka sahani chini. Nikamwambia yote.

Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Nilimgeuzia jani, akaviona vidudu kwa macho yake.

"Siku zote hizi unanitazama tu nnavyomsema wifi yangu?"

"Nisamehe, Bi Kazija. Niliogopa."

Akajitanda kanga. "Ya shamba tutayasema baadaye. Kwanza twende kwa wifi, ukamwambie wewe. Mie uso wa kumtazama sina."

Yuko mlangoni ananisubiri, Mama. Wasalimie Baba, shangazi na mdogo wangu wa mwisho. Niombee.

Na zile nyanya zako kuukuu nyuma ya jiko, kama zimejikunja, zing'oe leo. Usizionee huruma kama mimi.

Mwanao,
Saidi