Picha Uliyoagiza Inyooshwe

Baba watoto,

Hatujambo. Binti yako anaendelea na mazoezi ya macho kila Jumanne. Mtaalamu humziba jicho lililo zima, naye hutunga shanga kwa kutumia lile lenye makengeza. Jana alitunga saba!

Fundi picha ameleta picha ya binti yako, akanieleza kwa majivuno kwamba ulimwagiza amnyooshee jicho kwa kompyuta, upate kuwaonyesha wenzako kazini. Nimeona kinyaa mpaka chai imenishinda. Mwanao wa kumzaa unamwonea haya?

Niliificha kabatini, akaiona. Aliitazama kwa karibu sana, akaniuliza, “Mama, huyu alipona lini?”

Nimekufungia picha yako humu. Jibu lake mwandikie wewe.

Ni mimi,
Mama wa mwenye makengeza